Mhadhara wa Krispi Chini ya Mwembe

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu wa Mapinga, na nyie bodaboda mliozima pikipiki kwa heshima yangu. Mimi ni mtaalamu wa lishe. Cheti ninacho: semina ya siku moja, na kwa kuwa niliingia baada ya chai ya saa nne, nilihitimu kwa muda mfupi kuliko wenzangu wote.

Mada ni krispi za viazi. Tuanze na historia, maana msomi haparamii chakula kama mlafi. Krispi alizibuni George Crum huko Saratoga, Marekani, mwaka 1853. Unasemaje, binti? Kitabu cha William Kitchiner, Mwingereza, kilishaandika viazi vya kukaanga vilivyokatwa vyembamba mwaka 1817? Basi Kitchiner alimwibia Crum! Nani kampa mtoto huyu simu?

Lishe sasa. Kiazi kinatoka shambani, alizeti shambani, chumvi baharini, tena hapo chini tu. Pakiti moja, umekula nchi nzima. Halafu kiazi karibu asilimia 80 ni maji! Krispi ni maji ya kunywa yasiyomwagika kwenye daladala ya Bunju.

Binti tena. Eti tutazame karai la huyu mama: yale mapovu ndiyo maji yanayotoka, mafuta yanaingia mahali pake, na mapovu yakitulia mama anaepua. Mama, usitikise kichwa, uko upande gani? Tangu asubuhi nimekuungisha pakiti tatu, mbili tu ndizo za mkopo.

Anasoma: gramu 100 za krispi zina kalori kama 530, na mafuta gramu 35 hivi; kiazi cha kuchemsha, uzito uleule, hakifikishi kalori 90. Mmesikia wenyewe! 530 kwa 90! Simba na Yanga lini waliwahi kufungana hivyo?

Chumvi? Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai. Hao hawajanipima mimi. Zahanati walinipima presha mara tatu, wakaitana waje waone. Nani mwingine hapa amewahi kutazamwa na wauguzi wanne? Na kifungo hiki cha shati kiliruka kwa ubovu wa uzi.

Nitaendelea na sehemu ya pili. Mama, nipatie maji kwanza, koo limekauka ghafla. Hapana, kikombe hicho kidogo. Lete jagi.