Babu Kisahani Anajibu: Passo Yako Haikufika 180

Wiki hii barua ni za mwendo mtupu. Hakuna aliyeuliza bei ya bima wala namna ya kumbana muuza spea aliyekuuzia pampu feki. Wote mna shaka na mshale. Wenye V8 naomba mpumzike, zamu yenu itafika. Leo kikao ni cha gari ndogo.

*Shikamoo Babu. Nina Passo, cc 990, piston tatu. Jumamosi usiku nilitoka Chalinze barabara ikiwa nyeupe, nikakanyaga mpaka chini, nikamaliza kisahani: 180. Kijiweni wananiita mzee wa kamba. Naomba uwaandikie kwamba inawezekana. Nimeambatanisha picha.*
*Mkimbiza Upepo, Kimara*

Marahaba mjukuu. Kijiwe chako kina watu makini, usikihame.

Tuanze na injini. Hiyo piston tatu yako mafundi wanaijua kwa jina la 1KR, na nguvu yake ni kama farasi 70. Toyota waliifunga injini hiyohiyo kwenye Aygo, gari ndogo waliyowauzia Wazungu, na kwenye karatasi zao wenyewe wakaandika kwamba mwisho wake ni kilomita 157 kwa saa. Huyo ni mtengenezaji, mtu mwenye kila sababu ya kujisifu, akiwa na gari jipya kwenye barabara tambarare. Wewe una gari lililokwisha kulelewa na Mjapani, likaja kwa meli, likapokelewa na fundi wa Kimara, na nyuma umeweka sabufa.

Adui yako si injini peke yake, ni upepo. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakukaba mara nne, na nguvu ya kuushinda inabidi iongezeke mara nane. Kwa hesabu hiyo, kuitoa gari kwenye 157 na kuifikisha 180 kunataka nguvu mara moja na nusu ya uliyonayo. Unadaiwa farasi 35, mjukuu, na hawauzwi Ilala.

Sasa 180 ilitoka wapi? Babu hasemi kwamba hukuiona. Anasema uliiona, ila gari halikuwa huko. Kanuni ya kimataifa ya visahani, namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inaruhusu kisahani kisome juu ya mwendo halisi: sehemu moja ya kumi ya mwendo wenyewe, kisha uongeze kilomita 4. Chukua 160, ongeza 16, ongeza 4. Jumla unaijua. Kwa hiyo Passo iliyokuwa ikiteremka kwa 160 inaweza kukuonyesha 180 na isivunje kanuni yoyote. Kilichokusaidia ni mteremko, kisahani kikaongeza chumvi, na kijiweni ukaongeza pilipili.

Na kwa nini waliandika 180 kama gari halifiki? Kwa sababu watengenezaji wa Japani walikubaliana zamani kwamba magari ya kawaida ya soko la kwao yafungwe yasipite 180, na visahani vingi vya huko vikaishia hapo. Gari lenye farasi 280 limeandikwa 180, na lako lenye 70 limeandikwa 180. Namba ya mwisho kwenye kisahani ni mahali wino ulipoishia.

Mambo mawili kabla sijakuacha. Angalia ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi ya saizi kuna herufi: S maana yake tairi linavumilia mpaka 180, T mpaka 190. Halafu tafuta namba nne za tarehe. Ukikuta 2311, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2011, na herufi yake ilikuwa ya kweli wakati huo, kabla halijawa la mtumba. La pili ni picha yako. Imepigwa kutoka upande wa kulia, usawa wa kifua cha dereva, kwa mikono iliyotulia kabisa. Nani alikuwa ameshika usukani?

*Babu, shikamoo. Mimi na mume wangu hatusafiri Dodoma–Morogoro bila ugomvi. Dashibodi ya IST inasoma 80, simu yangu inasoma 74. Yeye anasema simu yangu ya bei rahisi haiwezi kushindana na Mjapani. Naomba useme nani muongo, na useme kwa herufi kubwa.*
*Mama Nuru, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Herufi kubwa sitaandika, maana gazeti hili analisoma na yeye.

Simu ndiyo iliyo karibu na ukweli, ilimradi mko kwenye barabara iliyonyooka na mwendo hauchezi. Simu haijui habari za tairi wala gia boksi; inapima unavyosogea kwa kusikiliza setilaiti. Mkiwa kwenye kona kali, mkifunga breki, au mkipita penye mawimbi hafifu, inachelewa kidogo, hapo usiibishie dashibodi.

Lakini mzee naye hajasema uongo. Anasoma kilichoandikwa mbele yake. Aliyeongeza chumvi ni kiwanda, na kimeongeza makusudi. Kanuni niliyomtajia Mkimbiza Upepo ina ukali upande mmoja tu: kisahani kisisome chini ya mwendo halisi hata kwa kilomita moja. Sasa jiweke kwenye nafasi ya anayetengeneza. Anajua tairi jipya ni kubwa kuliko tairi lililolika, upepo wa tairi unapanda na kushuka, na mteja anaweza kubadilisha saizi bila kumwaga. Akilenga katikati, gari moja moja litaanguka upande uliokatazwa. Analenga juu, analala usingizi. Kwa 74 yenu halisi, kisahani kinaruhusiwa kufika hadi 85. IST yenu imesoma 80, imejitahidi.

Huko Japani kwenyewe, gari likienda ukaguzi linapandishwa juu ya rola, matairi yanazungushwa mpaka kisahani kisome 40. Hapo mkaguzi anatazama mwendo halisi wa rola. Kwa magari ya kuanzia 2007, kati ya kilomita 30.9 na 42.55 gari limefaulu. Someni tena hizo namba mkiwa wawili: mshale uko 40, gari liko 31, na mkaguzi anagonga muhuri.

Jambo moja linalowachanganya wengi: kisoma kilomita, kile cha kuhesabia safari, hakiongezewi chumvi hivyo. Ndiyo maana hesabu za mzee za kufika hazitimii. Dodoma mpaka Morogoro ni kama kilomita 260. Kwa 80 ya dashibodi mngetumia saa tatu na robo, kwa 74 ya kweli ni saa tatu na nusu. Robo saa hiyo ndiyo mnayogombania kila mwezi, na wala sijaweka malori ya Gairo.

Mkitaka msuluhishi asiye na betri, tumieni nguzo za kilomita zilizo kando ya barabara. Mama Nuru ashike saa, mzee ashikilie mwendo uleule kutoka nguzo hadi nguzo. Sekunde 45 ni 80. Zikiwa 48 au 49, mzee atoe soda.

*Habari za kazi Babu. Nina Vitz toleo la pili. Nilitoa tairi 165/70R14 nikafunga 185/70R14 ili gari inyanyuke, maana mtaani kwetu ni mashimo. Wiki iliyopita nimepigwa tochi Mikese: 54 kwenye kibao cha 50. Naapa kisahani kilisoma 50. Naweza kujitetea kwamba tairi ndizo zenye makosa?*
*Aliyelipa 30,000*

Kazi njema, mwanangu. Barua yako nimeifurahia kuliko zote, kwa sababu ina namba, na namba hazioni haya.

Kisahani cha gari lako hakioni barabara. Kuna kihisi kinachohesabu mizunguko, na kompyuta inazidisha mizunguko hiyo kwa mzingo wa tairi lililotoka nalo kiwandani. Ukifunga tairi kubwa, kila mzunguko unakusogeza mbele zaidi, lakini kompyuta haina habari, inaendelea na hesabu ya zamani. Hapo uko sahihi kabisa: ulijipunguzia usomaji.

Tupime. Kwenye 165/70R14, ukuta wa tairi ni asilimia 70 ya 165, yaani milimita 115.5. Zidisha kwa mbili, ongeza rimu ya inchi 14, unapata kipenyo cha milimita 587. Kwa 185/70R14 unapata 615. Tofauti ni milimita 28, karibu asilimia 5. Nikwambie pembeni kwamba gari limenyanyuka nusu ya hapo, milimita 14. Mashimo ya mtaani kwenu hayajajua kama kuna mabadiliko.

Turudi Mikese. Ile chumvi ya kiwandani, kama ilikuwa asilimia 6, maana yake kisahani kilipokuwa kinasoma 50 kwa tairi za zamani, ulikuwa unakwenda 47. Kwa tairi mpya, 50 ile ni 49 na kitu. Umeila akiba yako karibu yote, lakini hujavuka kibao. Haya, tukuhurumie. Tuseme gari lako ni la ajabu, halikuwa na chumvi hata punje, 50 ilikuwa 50. Tairi mpya zinakufikisha 52.4. Tochi imesoma 54.

Hiyo kilomita moja na nusu iliyobaki haina tairi, mwanangu. Ina mguu. Na kwa gari la kawaida lenye chumvi yake, kupata 54 ya kweli ungekuwa unaona 55 kwenye dashibodi, labda ulikuwa unatafuta kibao kwa macho. Usiende kujitetea kwa hesabu, wakija na kalamu utaongezewa kosa. Rudisha saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na bampa ya mbele mwombe fundi akuwekee ngao.

*Babu, Vitz yangu ni ile ya zamani, haina mshale, ina namba za kuwaka katikati ya dashibodi. Hizo si zinasema kweli?*
*Mpenda Teknolojia, Tanga*

Zinaongeza chumvi vilevile, ila bila kutikisika.

*Shikamoo Babu. Nimerithi Corolla KE70 ya marehemu baba. Mshale unarukaruka kati ya 40 na 60 na nyuma ya dashibodi kuna mlio. Fundi anataka kuuza dashibodi nzima.*
*Mrithi, Moshi*

Marahaba, na pole. Gari hilo lina waya unaozunguka ndani ya mrija, kutoka gia boksi mpaka nyuma ya kisahani. Mwisho wa waya kuna sumaku inayozunguka ndani ya kikombe cha aluminiamu. Haigusani nacho, lakini inakivuta, na springi ndogo inakizuia. Mshale unaonyesha matokeo ya ugomvi huo. Mjerumani Otto Schulze alichukua hataza ya mtambo huo mwaka 1902, na ulitembea dunia nzima kwa miongo mingi. Ukiona mshale unaruka, kwa kawaida waya umekauka au umepinda penye kona kali. Uchomolewe, usafishwe, upakwe grisi kidogo, na usiifikishe grisi kwenye kisahani chenyewe. Ukiwa umechanika, nunua waya, si dashibodi. Fundi mwambie dashibodi ya baba haiuzwi.

*Babu za siku. Nina Kirikuu, nabeba viazi Njombe. Kisahani kinaishia 140 na gari kwenye mlima linachoka kabisa. Fundi kapata kisahani cha 180 kutoka gari bovu, anasema akikifunga gari litafunguka. Anataka laki mbili. Nimpe?*
*Mzee wa Lumbesa, Njombe*

Nzuri, mzee mwenzangu. Usimpe hata nauli.

Kirikuu ni ukoo wa magari madogo ya Japani ambayo sheria ya kule inayataka yasizidi cc 660, na makampuni yalikubaliana yasizidi farasi 64 wala mwendo wa 140. Nyingi za mizigo hazifiki hata farasi 55. Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo moja ya tano ya farasi wako imebaki Bagamoyo.

Halafu Mjapani aliyelitengeneza aliruhusu mzigo wa kilo 350. Lumbesa moja ya viazi inapita kilo 100. Hesabu gunia zako za jana uniandikie, na uniambie pia bush za springi za nyuma umebadilisha lini, maana picha uliyotuma gari limetazama juu. Ile laki mbili ipeleke kwenye breki. Na fundi huyo, kama bado anacho hicho kisahani cha 180, kuna kijana wa Kimara anakihitaji kwa ushahidi.