Kilo Sita Zilizozama kwenye Wimbi

Simu iliita Jumanne saa nne asubuhi nikiwa kazini, juu ya ngazi, nahesabu maboksi ya glovu. Alikuwa mzee wa duka ninakonunua vifaa vya kupikia bia. Kwa upole wa watu wa Minnesota, ambao hata nyumba yako ikiungua wataanza kwa kukuuliza umeionaje baridi ya leo, akaniambia amepokea oda yangu na ana maswali mawili tu. La kwanza: Maporomoko ni kitu gani? La pili: ni kweli nataka kilo 28?

Nikashuka ngazi polepole.

Mimi ni Mchaga wa Kibosho, nakaa Minneapolis, na kazi yangu ni kutunza stoo. Nalipwa mshahara ili kilichoandikwa kwenye kompyuta ndicho kikutwe kwenye rafu. Kwa hiyo nilipoanza kupika bia nyumbani, kule chini tunakokuita besmenti, kilichoniteka hasa hakikuwa bia. Ilikuwa programu ya mapishi. Unaiambia una kimea kiasi gani, hopsi zipi (yale maua ya kutia uchungu), hamira ipi na maji lita ngapi. Yenyewe inakokotoa ukali, uchungu na rangi, inapunguza stoo, kisha inakuandikia orodha ya vitu vya kununua. Chini ya hayo yote imelala kanzidata, mstari mmoja kwa kila kiungo, mamia ya mistari, nayo ilikuja imevurugwa kama kabati la bwana harusi.

Hopsi moja tu ya Kent, Uingereza, iliandikwa mara tatu: East Kent Goldings, Kent Goldings, na Goldings koma East Kent. Mtunza stoo akiona kitu kama hicho halali. Kimea cha Crystal nacho kilikuwa na 60 mbili, moja ya Kimarekani na moja ya Ulaya, nami nikaziunganisha kwa furaha kubwa. Kumbe Wamarekani hupima rangi ya kimea kwa kipimo cha Joseph Lovibond, Mwingereza wa ukoo wa wapika bia aliyeanza kulinganisha rangi kwa vipande vya vioo katika karne ya 19, na Ulaya hutumia kipimo kingine ambacho namba zake ni kama mara mbili ya hizo. Sitini ya huku ni karibu mia na ishirini ya kule. Bia niliyotaka iwe nyekundu kama chai ya rangi ilitoka kama chai ya mgonjwa.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini ilikuwa Januari, nje nyuzi 25 chini ya sifuri, na mtu aliyefungiwa ndani na theluji hupata mawazo. Nikaamua kanzidata yote iwe ya Kiswahili.

Niliitoa kwenye programu kama faili ya BeerXML, ule mtindo wa kuandika mapishi ili programu moja isome ya mwenzake, nikaanza kubadilisha majina. Goldings ikawa Dhahabu. Fuggle ni jina la ukoo, nikaliacha. Majina ya watu hayatafsiriwi. Cascade, hopsi ya Oregon iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972, nikaiita Maporomoko, nikajisifu kabisa. Baadaye nikasoma kwamba jina lake ni la safu ya milima ya huko. Nilikuwa kama mtu anayetafsiri Kilimanjaro.

Majina hayakuniumiza kama namba. Ndani ya faili zile kila hopsi imeandikwa kwa kilo, hata kama unayotumia ni gramu 28, yaani ile aunsi moja ya Wamarekani. Hivyo gramu 28 husomeka 0.028. Mimi nikaona sifuri zimezagaa faili zima kama maganda ya karanga baada ya harusi. Nikajiambia hakuna binadamu anayepima kitu kwa 0.028, huu ni uchafu tu, na mimi uchafu naujulia. Nikazifagia zote kwa amri moja.

Programu ilijaribu kunionya. Kwenye kisanduku cha uchungu, ambapo bia ya kawaida huonyesha 20 au 40, na ambapo wazoefu husema ukishapita kama 100 ulimi hautofautishi tena, paliandikwa 18,700. Niliiona kwa macho yangu. Mbongo yeyote akiona 18,700 hudhani ni bei. Nikabofya "tuma".

Mzee wa duka, Mungu ambariki, hakucheka. Aliniuliza kama nafungua kiwanda. Nilipomweleza akanyamaza kidogo, kisha akanikumbusha kwamba sheria ya nchi, ile ambayo Rais Jimmy Carter alitia saini mwaka 1978 na kuruhusu watu kupika bia majumbani, inaruhusu galoni 200 kwa mwaka kwa nyumba yenye watu wazima wawili. Jioni nikapiga hesabu. Kilo 28 za hopsi, kwa gramu 28 kila pipa la lita 19, ni mapipa elfu moja. Galoni 200 ni lita 757. Ningetii sheria bila kuruka mwaka, Maporomoko yangenitosha miaka 25. Ningefika kwenye pensheni nikiwa bado na stoo.

Mke wangu alisikiliza habari yote huku akikunja nguo. Yeye ni wa Kisii, na ana namna ya kuuliza swali huku jibu likiwa limeshatundikwa kwenye kamba.

"Baba watoto, kwa nini usipike kitu ambacho unakijua?"

Ndiyo tukafika kwenye mbege, pombe yetu Wachaga.

Niliifahamu mbege kama mtoto wa nyumba inayopika anavyoifahamu, yaani nilijua kutumwa kuni. Ndizi mbivu huchemshwa, huachwa siku kadhaa zichachuke, hukamuliwa. Ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa, hupikwa uji, vinachanganywa, na kesho yake wageni wako mlangoni bila kupigiwa simu. Lakini programu haikutaka kumbukumbu za utoto. Ilitaka namba. Nikapiga simu Kibosho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huko kumekucha?"

"Kumekucha, ila ni theluji tu."

"Poleni."

"Mama, nataka kupika mbege. Naweka ndizi kiasi gani?"

"Inategemea wageni wangapi."

"Hamna wageni. Napika lita kumi na tisa."

Simu ikawa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Mbege ya lita kumi na tisa," akasema taratibu, "ni ya kumpa nani?"

Nikamwambia ni ya majaribio. Akakubali kwa shingo upande. Ulezi? Sado moja, au moja na nusu, nitaona mwenyewe. Sado ni kopo la rangi la lita nne, ambalo masokoni kwetu limepanda cheo likawa kipimo rasmi cha mahindi, maharage na nyanya. Nikateremsha orodha ya vipimo kwenye programu: pauni, aunsi, gramu, kilo. Sado hakuna. Debe hakuna. Kata, ambayo ndiyo anayopimia kila kitu ikiwemo subira yake, hakuna.

"Na msesewe, mama? Hapa wanataka asilimia ya uchungu."

"Msesewe hauna asilimia. Una mti. Uko kwa baba yako mdogo, pale karibu na mfereji."

"Na hamira?"

"Hamira ya nini? Unapika maandazi?"

Nikamweleza kwamba programu haikubali pishi lisilo na hamira. Akasema pipa linajua. Basi kwenye kanzidata, mahali pa kiwanda cha hamira, nikaandika "Pipa la Mama". Kiwango cha chini cha joto: Kibosho asubuhi. Kiwango cha juu: Kibosho mchana. Visanduku vikageuka vyekundu, vilitaka tarakimu. Huo ndio upungufu wa programu hizi, na nausema bila chuki: zimetengenezwa na watu ambao hamira yao inanunuliwa kwenye pakiti ya gramu 11.5 yenye tarehe ya mwisho wa matumizi.

Ndizi nazo hazikuwemo. Nikaunda mstari mpya na kwenye aina nikachagua "sukari", maana niliona ndiyo jirani yake wa karibu. Kilo kumi za ndizi kwenye lita 19. Programu ikakokotoa uzito wa mchanganyiko kuwa 1.202, na kilevi kama asilimia 20. Nikampigia tena mama nimweleze kwamba kumbe mbege ni kali namna hii.

"Nani kakwambia? Watu wanakunywa tangu saa saba mchana na jioni wanarudi kwa miguu yao."

Ilinichukua jioni nzima kukumbuka kwamba ndizi mbivu ni maji kuliko kitu kingine chochote, na sukari yake ni kama asilimia 12 tu. Nikarekebisha, uzito ukashuka hadi 1.024 kwa upande wa ndizi, heshima ya kijiji ikarudi. Ile picha ya glasi kwenye kona ya skrini, hata hivyo, iliendelea kung'aa njano safi, unaweza kusoma gazeti upande wa pili. Mbege ni nzito na ina rangi ya mto Karanga baada ya mvua. Nilitafuta kitufe cha kuweka machicha, sikukiona.

Bado ulezi. Huku tunaupata maduka ya Wahindi, punje nzima, kwa jina la ragi. Nilinunua kilo sita, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi nikamwomba mke wangu aingize kwenye kompyuta. Akaingiza. Jumamosi iliyofuata nikafungua programu, nikaandika "ulezi", ikajibu: sifuri. Nikawasha gari, nikakwangua barafu kwenye kioo dakika ishirini, nikaenda nikanunua kilo sita nyingine. Safari hii nikaziingiza mwenyewe, kwa kupiga picha ile mistari myeusi ya pakiti, nazo zikaingia kwa jina la "Ragi". Kesho yake nikatafuta tena ulezi. Sifuri.

Mke wangu alipita nyuma yangu na kikombe.

"Si niliandika wimbi?"

Kwao Kenya ulezi ni wimbi. Kwetu wimbi ni lile la baharini, na kwa kweli kwa wengine ulezi ni kazi ya kulea watoto. Kumbe nilikuwa na nafaka moja yenye majina matatu, na stoo ya kilo kumi na mbili iliyokuwa ikinijibu kwamba sina kitu. Kazini ningemfukuza mtu kwa hilo. Nikafanya kile ambacho mtunza stoo hufanya akiona jina la ziada: nikafuta Wimbi. Programu ikaniuliza mara moja tu kama nina uhakika, nikasema ndiyo, na kilo sita zikazama nalo, pamoja na mstari wa nafaka kwenye pishi la mbege, kwa sababu mstari huo nilimwachia yeye auchape.

Huku juu ya ardhi, ulezi wenyewe ulikuwa umelowekwa na kutandazwa kwenye trei tano besmenti, umefunikwa shuka, una vimizizi vyeupe.

"Wimbi ya uji iko wapi?" akaita kutoka jikoni. "Watoto wanataka uji."

"Imeota."

"Yote?"

Sikujibu.

Msesewe haupo Minnesota, kwa hiyo tulitia Cascade, gramu 28 zilizopimwa kwa mizani na kuhakikiwa na mashahidi wawili. Mbege ikatoka nzito, chachu kidogo, na harufu ya balungi ambayo ndiyo Cascade yenyewe. Mzee mmoja wa Machame, tuliyemwalika kwa sababu lita kumi na tisa kumbe kweli zinahitaji wageni, alionja, akaishika kata mbali kidogo na uso, akauliza: "Hii imepitia wapi?" Kisha akaongezwa.

Sasa kwenye rafu kuna kopo moja, na juu yake karatasi ya gundi iliyoandikwa ULEZI/WIMBI/RAGI. Kwenye kanzidata nako ni mstari mmoja, kilo 4.2, nimepima mwenyewe. Jana asubuhi mke wangu alipaza sauti kutoka ngazini kwamba amechota ya uji, nipunguze kabla sijaanza kulalamika.

"Umechota kiasi gani?"

"Vikombe viwili."

"Vikombe vya chai au vya kupimia?"

"Vikombe, baba watoto."

Nikateremsha orodha ya vipimo. Pauni, aunsi, gramu, kilo.