Bingwa wa Diski

Kila ukoo una mtaalamu wake wa kompyuta, na wetu yuko Kitale. Mpe faili ya ISO yenye Windows 7, atakuchomea diski huku akikusimulia alivyookoa kompyuta za nusu ya mji. Kisha ataandika jina juu yake kwa kalamu nene, herufi kubwa, maana hapo ndipo utaalamu wake ulipo.

Diski inapanda matatu: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, hadi Bungoma, kwa shangazi ambaye kompyuta yake imegoma kuwaka. Inaingizwa. Kimya. Ukiifungua kwa jirani unakuta faili moja tu, ile ile ya ISO, imelala humo nzima. Bingwa kapanda mahindi na pakiti yake! Faili hiyo ni picha ya diski kamili, pamoja na sehemu ya kuwashia mashine. Programu ya kuchoma humwaga yaliyomo kwenye diski, hainakili faili ilivyo. Wala si uganga: Windows 7 yenyewe, tangu 2009, imekuja na kifaa cha kazi hiyo. Unabofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua kuichoma, basi.

Lakini utamwambia nani? Huyu aliwahi kulazimisha gigabaiti 3 ziingie kwenye sidii ya megabaiti 700, zilipogoma akalaumu sidii “za siku hizi”.

Shangazi akampigia bingwa simu: “Mwanangu, hii kitu haiwaki.”

“Shangazi, hiyo ni baridi ya huko Bungoma. Na ile mia mbili yangu, usisahau.”