Karibu ya Petra

Mama aliposikia ninakwenda Yordani peke yangu kutazama magofu, aliweka kikombe chini akaniangalia kama mtu aliyeaga kwenda Ulaya kununua embe. "Magofu? Si yapo hapo Takwa? Vuka maji na mashua uyaone, urudi ule wali." Mzaliwa wa Lamu anayelipa nauli ya ndege ili akaone kuta zilizobomoka lazima awe na jibu. Langu lilikuwa kwamba nataka kustarehe: sina kundi, sina ratiba, hakuna wa kuniamsha. Na lugha ninayo. Miaka saba nimekaa chuoni kwa maalimu, nikichapwa kwa kila irabu niliyoikosea. Ningeshindwaje kuuliza njia?

Ramani waliyonipa mlangoni Petra ilinitia kiburi zaidi. Mji wenyewe wa nje unaitwa Wadi Musa, bonde la Musa. Jengo mashuhuri ni al-Khazneh, yaani hazina. Mbele kuna Qasr al-Bint, kasri ya binti, na binti mwenyewe, kwa masimulizi ya wenyeji, ni wa Firauni. Nikajiona nimefika kwa wajomba. Hata zile dinari 50 za tiketi, zaidi ya dola 70, nilizitoa kwa moyo mweupe.

Hatua kumi mbele, mwenye farasi akaniita: "Rakhis! Rakhis!" Sasa, Kiswahili kimempa neno rahisi wake wawili: jambo jepesi, na kitu cha bei nafuu. Mimi nikadhani ananihakikishia kwamba kupanda farasi wake ni kazi nyepesi, na kwa mwili wangu nilihitaji kuhakikishiwa. Kwao rakhis ni bei tu. Kupanda kulihitaji jiwe, mwenye farasi, na mpita njia mmoja aliyejitolea kusukuma. Hata hiyo bei ilikuwa ya mzaha, kwa kuwa farasi yumo ndani ya tiketi. Ambayo haimo ni bakshishi. Neno hilo tulielewana bila kamusi.

Baada ya hapo unaingia Siq, mpasuko wa mwamba wenye urefu wa kama kilomita 1.2, kuta zimepanda juu hadi mbingu imebaki utepe. Watalii wengine walikuwa wakishangaa. Mimi nilijisikia nyumbani: kichochoro, kuta ndefu, na nyuma yako mnyama anayetaka njia. Pembeni bado ipo mifereji iliyochongwa na Wanabataea, watu walioyaleta maji mpaka katikati ya majabali haya makavu miaka elfu mbili iliyopita. Mimi chupa yangu niliisahau hotelini.

Hazina inakutokea ghafla mwisho wa kichochoro, karibu mita 40 za jiwe la waridi, imechongwa mwambani kuanzia juu kwenda chini. Kule juu kabisa kuna chungu cha jiwe chenye makovu ya risasi. Mabedui wa zamani waliamini kina dhahabu, wakakipiga ili imwagike. Chungu ni jiwe tupu, na jengo lenyewe, kwa wanavyoona wataalamu wengi, ni kaburi. Siwalaumu. Ukiliita jengo Hazina, usishangae mtu akija na bunduki. Nilimwomba mtalii mmoja anipige picha hapo. Alipiga picha nzuri sana ya nguzo, pamoja na sikio langu.

Nilipaswa kurudi. Lakini ramani ilionyesha ad-Deir, monasteri iliyo juu mlimani, nikamuuliza kijana mwenye punda ni umbali gani. "Garib, garib," akasema. Mabedui hutamka q kama g, kwa hiyo nilichosikia ni karibu, karibu, nami kwa adabu tuliyolelewa nayo nikamjibu, "Ahsante, nimeshakaribia." Punda nikamkataa. Mtoto wa Lamu kubebwa na punda kama gunia la saruji? Kijana hakubisha. Akanifuata polepole nyuma, kama muuza duka anayemjua mteja anayejidai anaangalia tu.

Ngazi ni kama 800. Nilizihesabu mpaka 212, ndipo nikaanza kuhesabu pumzi. Kabla ya nusu ya njia, ukanda wa kubadhi langu la kulia ukakatika. (Ndiyo, nilivaa makubadhi kupanda mlima. Nilisema ni safari ya kustarehe.) Nikasimama na mguu mmoja kwenye jiwe la moto, kama korongo. Nyuma yangu sauti ikasema, kwa upole kabisa: "Garib."

Nikapanda punda.

Punda wa Lamu hutembea katikati ya njia hata umsihi. Huyu alipenda ukingo. Mguu wangu mtupu ulining'inia juu ya bonde. Nikaonyesha lile shimo nikamuuliza kijana, "Ajali?" Alinitazama kwa huruma kubwa. Baadaye sana ndipo nikakumbuka kwamba ajali ya Waarabu ni ile saa ya kufa aliyoandikiwa mtu, na kwa ile i ya mwisho nilikuwa nimemuuliza kama yangu imefika. Nikafumba macho nikaanza kusoma dua zote za chuoni, kwa sauti. Naapa maalimu angelia kwa furaha: hapakuwa na kosa hata la irabu moja.

Deir ni kubwa kuliko Hazina, na mbele yake kuna kibanda cha chai. Bibi mmoja wa Kibedui alitazama kubadhi mkononi mwangu, akatandika mkeka. "Istarih," akasema. Nikastarehe. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha kufufua mfu. Kijana akakata kipande cha kamba ya punda akanifungia kubadhi bila kuombwa.

Jua lilipoanza kushuka nikamuuliza bibi, mpaka mlangoni ni mbali?

"Garib," akasema, na kijana alikuwa keshamfungua punda.