Bega la Mzee na Bunduki ya Nyati

Katika mambo yote yahusuyo uwindaji wa kitalii, hakuna linalozungumzwa kwa sauti ya chini kuliko maumivu ya bega, ingawa ni nadra kumpata mwindaji aliyevuka miaka sitini asiyeyajua. Chanzo chake ni cha kiuchumi kabla hakijawa cha kitabibu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa aina hiyo mwaka 1977, na huko Tanzania, ambako bado unaruhusiwa, kumwinda nyati ni anasa yenye ada ya kibali, ada ya mnyama, ada za kila siku na ujira wa mwindaji bingwa, yaani mtaalamu mwenye leseni anayemwongoza mgeni porini. Kwa hiyo wengi wanaoimudu ni watu waliokwisha kulipa karo za watoto, wakamaliza mkopo wa nyumba na kuagwa kazini kwa keki na hotuba. Pesa za kununulia bunduki kubwa, kwa maneno mengine, humfikia mtu katika miaka ileile ambayo mifupa ya kuihimili imeanza kumkana, ilhali kijana wa miaka ishirini na mitano, ambaye bega lake lingestahimili hata mzinga, hana nauli ya kufika uwanja wa ndege.

Teke la bunduki, yaani ule msukumo wa nyuma unaolipiga bega pindi risasi inapofyatuliwa, halitokani na ubaya wa fundi wala hila ya shetani, bali ni matokeo ya kanuni ya tatu ya mwendo ya Newton, isemayo kwamba kila kani huambatana na kani nyingine iliyo sawa nayo kwa ukubwa na kinyume chake kwa mwelekeo. Kichwa cha risasi kikienda mbele pamoja na gesi ya baruti iliyoungua, bunduki hurudi nyuma, na kwa kuwa nyuma ya bunduki yupo mwenye bunduki, deni hulipwa naye. Rifali, ambayo ni bunduki yenye mifuo ya mzunguko ndani ya mtutu ili kichwa cha risasi kitoke kikizunguka na kwenda mstari mnyoofu, hutajwa kwa kaliba yake, yaani upana wa tundu la mtutu, ambao mafundi wa Uingereza na Marekani huupima kwa sehemu za inchi. Ile ya .30-06, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906 na inayomtosha swala, nyumbu na hata pofu, humrudishia mpigaji nishati ya jouli zipatazo 27 ikiwa bunduki yenyewe ina uzito wa kilo 3.6. Ile ya .375, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, humrudishia jouli zinazokaribia maradufu ya hizo hata bunduki ikiwa na kilo 4.2, na ile ya .458 ya Winchester, iliyozaliwa mwaka 1956, hufika kwenye jouli 80, kiasi ambacho humfanya mtu mzima mwenye wajukuu atamke maneno ambayo wajukuu hao hukatazwa kuyatamka.

Mzee hawezi kukwepa hesabu hiyo kwa kubeba kibunduki cha kupigia kanga, kwa kuwa katika nchi nyingi za Afrika zenye nyati, sheria au desturi imeiweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama wanaoweza kumgeukia mwindaji. Na nyati, kama ajuavyo kila mwanakijiji anayepakana na hifadhi, hugeuka.

Upande wa pili wa hesabu ni mwili wenyewe. Msuli uliokuwa ukiukinga mfupa wa bega hupungua kwa umri, kano zinazolishikilia bega mahali pake hulegea au kuchanika kidogo kidogo bila mwenyewe kuarifiwa, na anayemeza dawa za kuzuia damu isigande, ambazo ni kawaida kwa wagonjwa wengi wa moyo, hupata vilio vya damu vyenye rangi ambazo mkewe, akiviona hotelini Arusha, hatakubali kwamba vilitokana na kuteleza bafuni. Mwenye kifaa cha kusawazisha mapigo ya moyo, ambacho hufukiwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, anakabiliwa na jambo zito zaidi, kwa sababu kitako cha bunduki kikitua juu yake mara kwa mara huweza kuziharibu nyaya ziendazo moyoni. Kifaa hicho kwa kawaida huwekwa upande wa kushoto, jambo linalomfaa anayelenga kwa bega la kulia, lakini mwindaji wa mashoto asipomweleza daktari kazi ya bega lake kabla ya upasuaji atapaswa ama kujifunza kulenga kwa upande mwingine uzeeni, ama kuanza kuvua samaki.

Wazee wa aina hii hupenda kujifariji kwa historia, na historia, ikisomwa vizuri, haiwafariji hata kidogo. Samuel Baker, Mwingereza aliyezitafuta chemchemi za Nile katika miaka ya 1860 akafika Ziwa Albert, alikuwa na bunduki iliyorusha kombora la nusu ratili, ambayo watumishi wake waliipa kwa Kiarabu jina lenye maana ya Mtoto wa Mzinga. Yeye mwenyewe, aliyekuwa pande la mtu na mwenye miaka arobaini hivi tu, aliandika kwamba ilimzungusha alipoifyatua na kwamba aliitumia mara chache mno. Frederick Selous, ambaye jina lake lilipewa pori kubwa la akiba la kusini mwa Tanzania na aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917 akiwa na miaka 65, alizitumia ujanani bunduki za kushindilia baruti kwa mdomo, akaja kukiri kwamba ziliiharibu mishipa yake ya fahamu na kumvurugia ulengaji. Theodore Roosevelt naye aliteremka Mombasa mwaka 1909 akiwa na miaka 50, jicho la kushoto likiwa bovu kwa ngumi za mchezo, akiwa na miwani ya akiba ya kutosha kufungulia duka, pamoja na bunduki ya mitutu miwili ya .500/450 aliyozawadiwa na mashabiki wake wa Uingereza. Inasimuliwa kwamba wapagazi walimwita Bwana Tumbo. Kama simulizi hiyo ni ya kweli, basi walikuwa wamekwisha kutambua kitaalamu mahali ulipo uzito unaopokea teke.

Aliye kinyume cha hao ni Mskoti W. D. M. Bell, aliyepata umaarufu Karamoja, huko Uganda, kwa kuua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa rifali nyembamba ya milimita 7 ambayo leo ingehesabiwa kuwa ya swala. Idadi hiyo inachukiza, na hakuna sababu ya kuipamba. Lakini kwa suala la bega Bell alikuwa sahihi kuliko wenzake wote, kwani aliuchunguza mfupa wa kichwa cha tembo, akajua ubongo ulipo, akapeleka huko kipande kidogo cha chuma bila kujiumiza. Wastaafu hulisoma jina lake kwa heshima kubwa, kisha huenda dukani na kununua .458.

Hilo duka ndilo linalostahili kuchunguzwa. Mzee huingia akiwa ameandikiwa na daktari wake, na pengine na mwanawe, kwamba achague bunduki ya kadiri, naye hudhamiria kweli kutii. Lakini nyuma ya meza husimama kijana mwenye kifua kipana, anayemuuliza kwa adabu kama angependelea kitu chepesi kidogo, na swali hilo, lililoulizwa kwa nia njema, humgharimu mzee bega. Hakuna mwanamume wa miaka sitini na minane anayependa kusikia neno hilo mbele ya wateja wengine. Hujitia hamnazo, huiinua ile kubwa kuliko zote, huielekeza kwenye pembe za swala zilizotundikwa ukutani, na kwa kuwa haina risasi na haimpigi, hutangaza kwamba inamkaa vizuri.

Ukweli hudhihirika kambini. Kabla ya siku ya kwanza ya kuwinda, desturi humtaka kila mgeni apige shabaha, ili ijulikane kama darubini ya bunduki haikupoteza mstari wake safarini. Hilo ndilo lengo linalotangazwa. Lengo jingine, ambalo mwindaji bingwa hulificha nyuma ya tabasamu na wafuata nyayo hawajishughulishi kulificha, ni kumpima mgeni mwenyewe. Katoni huchorwa duara kwa mkaa na kuegemezwa kwenye kichuguu, na saa hiyohiyo kila mtu kambini hugundua kwamba ana kazi karibu na uwanja: mpishi ana kuni za kukusanya, dereva ana gurudumu la kukagua, na mchuna ngozi ana kisu cha kunoa, ingawa alikinoa asubuhi. Mgeni huuweka mtutu juu ya fito tatu zilizofungwa pamoja kwa juu, hupiga moyo konde, hufumba macho mawili mahali ambapo taaluma inadai moja, na huvuta kifyatulio. Mshindo ukitulia, katoni haina tundu, kichuguu kina tundu, kofia iko chini na miwani inaning'inia kwenye sikio moja.

"Pole, babu," husema mpishi.

"Asante sana!" hujibu mgeni kwa uchangamfu wa mtu aliyepongezwa, na kuomba risasi ya pili. Ikifika ya tatu, wafuata nyayo wamekwisha kukubaliana, bila neno, ni nani atasimama nyuma ya mti upi.

Kinachotokea hapo ni kushtuka kabla ya wakati, ugonjwa ambao dalili yake kuu ni mkono kuusukuma mtutu chini nukta moja kabla ya baruti kuwaka. Mwili wa mzee hujifunza upesi kuliko akili yake, na mtoto anayeanza kulia aonapo pamba ya spiriti, kabla nesi hajatoa sindano, hufuata kanuni hiyohiyo. Kipimo chake ni rahisi nacho ni cha kikatili: mwenzake humjazia bunduki risasi za kweli pamoja na za bandia zisizo na baruti, bila yeye kujua zimepangwaje, na inapofika zamu ya ile ya bandia, bunduki inayopaswa kutulia huinama kwa nguvu mbele ya mashahidi. Tiba yake ni kufyatua mara nyingi bila risasi, kisha kwa bunduki ndogo ya .22, na kuipiga ile kubwa mara chache tu kwa siku, tena kwa kusimama, kwa sababu aliyeketi mezani amekibana kiwiliwili chake kisiweze kuyumba, hivyo teke lote hupokelewa na mfupa.

Dawa nyingine zipo, na karibu kila moja ina kisirani chake. Kitako chenye mpira laini hakina lawama, mradi hakikufanywa kirefu kuliko mkono. Kuongeza uzito husaidia kwa hesabu nyepesi, kwani bunduki ya .375 ikitoka kilo 4 hadi kilo 5 teke lake hupungua kwa sehemu moja ya tano. Tatizo ni kwamba nyati hufuatwa kwa miguu tangu alfajiri, na kilo inayolinda bega kwa nukta moja hulichosha kwa saa tano. Mzee humkabidhi basi mfuata nyayo bunduki, na nyati huchagua kutokea wakati bunduki iko mbele na mwenyewe yuko nyuma, akitoa miiba kwenye soksi. Kuna pia breki ya mtutu, kipande cha chuma chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili sehemu ya gesi itokee ubavuni badala ya kwenda mbele, nayo hupunguza teke kwa kiasi cha kuonekana. Lakini mlio wa rifali, ambao hufika kwenye desibeli 160 ilhali sikio huanza kuhatarika kwenye 140, hutawanywa nayo kuelekea pembeni na nyuma, hivi kwamba bega la mgeni hupona kwa gharama ya masikio ya mfuata nyayo, ambaye hakununua bunduki wala hana ukuta wa kutundika pembe. Wafuata nyayo wazoefu huitambua breki hiyo mgeni anapofungua sanduku, na tangu hapo vidole vyao haviwi mbali na masikio.

Darubini ndiyo yenye fedheha ya kudumu. Mzee mwenye miwani ya kusomea hunyoosha shingo mbele ili aone vizuri, jicho hukaribia kioo kuliko ile nafasi ya vidole vinne hivi inayohitajika, na bunduki ikirudi, ukingo wa darubini humchora nusu duara juu ya nyusi. Kovu hilo haliwezi kusingiziwa bafu.

Mwenye busara angechagua .375 yenye kitako kilichopimwa mwilini mwake, au, panaporuhusiwa, 9.3x62, ambayo Otto Bock wa Berlin aliibuni mwaka 1905 akiwafikiria Wajerumani waliokuwa Afrika, na ambayo huua vizuri kwa jouli zipatazo 40 tu za teke. Wengi huja kulijua hilo baadaye, na ndiyo maana maduka ya bunduki kuukuu huko Marekani hayakosi .458 inayong'aa, iliyonunuliwa kwa ajili ya Afrika, ikiuzwa pamoja na boksi lake la risasi ishirini ambamo zimebaki kumi na saba, na mtazamaji wake wa kwanza huwa mtu aliyestaafu juzi.