Shangazi, Mambo Yako Yamo Kitabuni

Shangazi yangu, mimi huku New York sijambo, isipokuwa baridi, na hiyo siielezi, maana ukiisikia utaanza tena kutafuta mtu wa kumpa mablanketi aniletee.

Nimeisikia sauti uliyonitumia, ile ndefu yenye jogoo nyuma. Unauliza nasomea nini hasa, kwa sababu majirani wamegawanyika: wengine wanasema nimekwenda kujifunza ngoma, wengine wanasema nitarudi kuwa Mtendaji wa Kata. Hao wa pili wakatie tamaa mapema, kabla hawajaanza kukuletea kesi zao za viwanja.

Nasomea shahada ya uzamili katika masomo ya utendaji. Ni elimu ya kutazama watu wanavyofanya mambo mbele ya watu: harusi, mazishi, mnada, hotuba ya mgombea, hata namna mtu anavyoingia benki kukopa akijitia hana shida. Ilipata idara yake mji huu huu mwaka 1980, pale Chuo Kikuu cha New York kilipoligeuza jina la idara yake ya tamthilia. Mmoja wa wakubwa wa fani hii ni Richard Schechner. Anasema yapo mambo ambayo jamii yenyewe inakubali kuwa ni maonyesho, kama taarab, na yapo yasiyo maonyesho lakini unaweza kuyatazama kana kwamba ni maonyesho. Kwa hiyo hakuna kinachosalimika. Bwana huyu mwaka 1968 aliongoza mchezo ambao waigizaji walivua nguo. Hilo usimwambie Mama. Mwambie ni mtu wa vitabu.

Mazoezi yetu mengine ya kutazama tunayafanyia kwenye treni. Vijana huingia, hupaza sauti kwamba shoo imeanza, kisha huning'inia kichwa chini kwenye vyuma, miguu ikipita karibu na pua ya abiria, na abiria anaendelea kusoma simu yake. Erving Goffman aliiandika mwaka 1963 adabu hii ya kumwona mtu kisha ukajifanya hukumwona. Nilipomsoma nikakukumbuka wewe na mbaya wako mkipishana sokoni, ila yenu haina adabu ndani yake.

Kuna na Mwingereza, J. L. Austin, aliyetoa mihadhara Harvard mwaka 1955 kueleza kwamba yako maneno ambayo kuyatamka ndiko kulitenda jambo lenyewe: bwana harusi akitamka la kutamkwa, basi ameoa. Wenzangu waliipokea habari hiyo kwa mshangao mkubwa. Nikafikiria shekhe wetu angetoza kiasi gani kwa somo hilo. Austin akaongeza kwamba ya jukwaani na ya mzaha hayahesabiki. Hapo nikanyoosha mkono. Nikasema sisi tumefundishwa kwamba ndoa, talaka na kumrejea mke havina mzaha; mwanamume akijitia utani wa kumwacha mkewe, shauri yake. Darasa lilinyamaza, kisha kalamu zikaanza kukimbia. Mwalimu akaniambia nikaiandikie insha. Ndivyo elimu ya huku ilivyo: ukijua kitu, adhabu yake ni kukiandika.

Lakini nililotaka kukuambia hasa ni hili. Yuko Mmarekani, Kelly Askew, aliyefanya utafiti huko huko kwenu Tanga. Kitabu chake, *Performing the Nation*, kilichapwa Chicago mwaka 2002, na humo ameeleza kutunza. Yaani kutunza kwenye taarab, Shangazi, noti mkononi! Mwanamke anaungoja mshororo wake, anainuka ukifika, anapita njia ndefu isiyo na haja, na noti inakwenda kwa mwimbaji huku ujumbe ukienda kwa mtu mwingine kabisa. Kinywa chake hakikufunguka, kwa hiyo hakuna wa kumshitaki. Wewe umeifanya kazi hii tangu nakaa mapajani mwako, na ukiulizwa unajibu umeupenda wimbo tu. Nilicheka maktabani hadi aliyekuwa kando yangu akahama meza. Mwenzangu mmoja wa darasani akauliza: huyo anayelengwa atajuaje kwamba ni yeye? Nikamwambia, anajua. Hakuridhika. Anataka ushahidi.

Tulipofika kwa Victor Turner, aliyeishi na Wandembu wa Zambia miaka ya 1950 akaandika juu ya jando na unyago wao, mwalimu aliniuliza kwa upole kama ningewasimulia ya kwetu. Nikasema nimefundwa. Wakangoja. Nikasema nimefundwa pia kutosema. Basi, somo likaishia hapo, na nadhani hakuna jibu langu lililowahi kuwapendeza kuliko hilo.

Kuhusu kazi, ambayo umeiuliza mara mbili katika sauti ile ile: wahitimu wengine hufundisha, wengine huajiriwa makumbusho au kwenye matamasha, wengine huendelea na udaktari. Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe alikuwa profesa wa fani hii hapa New York. Na wakikuambia ni masomo ya mchezo mchezo, waulize kwa nini mwaka 1977 serikali ya Kenya iliupiga marufuku mchezo wake na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, kisha ikamweka kizuizini.

Sasa ombi. Kazi yangu ya mwisho nataka iwe juu ya kutunza. Nasikia harusi ya binti wa Mjomba imekaribia. Mpe mtoto mmoja simu akurekodi tangu unapoinuka kitini hadi urudi, asikate. Uniambie mapema ni mshororo gani unaungoja, na mbaya wako atakaa upande upi, ili kamera isimkose. Noti za kutunzia utoe mwenyewe. Nimeulizia, chuo hakina fungu hilo.