Muulize Mjomba Kambale: Samaki Wangu Wamerogwa

Mwezi huu barua za mapenzi zimepungua. Hakuna aliyeachwa, hakuna aliyegombea shamba la mikorosho na shemeji yake. Malipo ya mnada wa korosho yameingia, na badala ya kununua bodaboda au kuongeza mke kama walivyofanya waliowatangulia, vijana wa Madimba, Msimbati na Nanguruwe huku kwetu Mtwara wamekwenda kwa mafundi aluminiamu kuagiza matangi ya vioo, ili wafuge samaki wa mapambo sebuleni. Sina kinyongo. Mimi niliitwa Kambale kwa ajili ya masharubu haya, lakini kambale mwenyewe ana sifa nyingine: maji yakiharibika hupanda juu akavuta hewa, maisha yakaendelea. Nyinyi mmekwenda kununua wale wasioweza. Haya, tusome.

"Mjomba, shikamoo. Nilichongesha tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, nikaliosha kwa sabuni ya unga, nikajaza maji ya kisima chetu, haya ambayo sabuni haitoi povu. Siku hiyohiyo basi la Dar likaniletea mfuko wa samaki ishirini, nikawamwaga ndani. Siku ya nne wote walikuwa juu wanahema, ya tano wakaisha. Kuna jirani alikuwa akiwatazama sana kupitia dirishani. Nimfanyeje?" (Mwenye Korosho Zake, Madimba)

Marahaba, mpwa wangu. Jirani mpelekee kilo ya korosho na umwombe radhi. Aliyewaua ni wewe, na ulitumia njia tatu kwa pamoja, jambo ambalo hata mchawi angeona ni kupoteza nguvu.

Sabuni tuiache; tangi huoshwa kwa maji na chumvi, basi. Twende kwenye sumu yenyewe. Samaki hana choo cha nje. Anakula, analala na kujisaidia ndani ya zile lita 54 ulizompimia. Kinyesi chake, mkojo wake na chakula ulichommwagia kikabaki, vyote vinageuka amonia, na amonia humuunguza mashavu anayopumulia. Ndiyo maana walikuja juu kuhema. Wewe ukadhani wanakusalimia.

Mtoni maji yanapita yakabeba uchafu. Kwenye tangi kazi hiyo hufanywa na vijidudu usivyoviona. Kundi la kwanza hula amonia na kutoa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hula naitraiti na kutoa naitreti, ambayo samaki huistahimili mpaka utakapoipunguza kwa kubadilisha maji. Vijidudu hivyo hukaa kwenye changarawe, kwenye sponji ya kichujio, hata kwenye vioo, na tangi jipya linalong'aa halina hata kimoja. Makundi yote mawili huchukua wiki nne mpaka sita kujaa. Wewe uliyapa muda wa kushusha mfuko kutoka kwenye basi.

Sasa sikiliza linalotuhusu sisi watu wa mwambao. Maji yanayokataa povu ni maji magumu, yamebeba chokaa, na mara nyingi pH yake hupita 7. Kwenye maji ya pH 7 na joto la nyuzi 28, amonia iliyo katika hali ya kuua haifiki hata sehemu 1 katika 100; iliyobaki imo katika hali isiyo kali. Maji hayohayo yakifika pH 8, ile inayoua hupanda mpaka sehemu 6 au 7 katika 100. Yaani uchafu uleule, samaki walewale, sumu karibu mara kumi. Vitabu vya Ulaya vinavyosema "samaki wachache hawana neno siku za mwanzo" viliandikwa karibu na maji mengine na baridi nyingine. Hapa kwetu joto na chokaa havikupi nafasi ya kujikwaa.

Dawa ni hii. Suuza tangi mpaka harufu ya sabuni iishe, kisha suuza tena. Weka changarawe iliyooshwa. Nunua pampu ndogo ya hewa, na mpira wake uupitishe kwenye kipande cha sponji safi. Hicho ndicho kichujio chako, na kwa tangi lako kinatosha. Jaza maji, washa pampu, na usitie samaki. Kila siku dondosha chembe kidogo za chakula zioze. Ndiyo, utakuwa unalisha tangi tupu, na mke wako atapata la kusimulia kisimani. Mtwarani ukimpata mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe akukamulie sponji yake ndani ya maji yako. Ule uchafu wa kahawia unaouona ni mali, na wiki zako zitapungua. Wiki sita zikipita tia wale samaki wadogo waitwao gapi, watatu au wanne. Kaa nao nusu mwezi ndipo uongeze, na kila wiki toa robo ya maji uweke mapya. Sponji ikiziba ifikiche ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, si chini ya bomba.

Na kama umeliweka tangi juu ya meza ya runinga, haifai. Lita moja ina kilo moja. Jumlisha changarawe na vioo, umeweka mtu mzima amesimama juu ya mbao za kubandika.

"Mjomba, niliambiwa maji ya samaki lazima yawe salama, nikatia vidonge vya klorini tunavyotumia kwa maji ya kunywa. Maji yameng'aa sana. Samaki wamelala ubavu." (Msafi, Ziwani)

Maji sasa ni salama kabisa kwa kila mtu asiyeishi ndani yake. Klorini iliwekwa duniani iue vijidudu, na wewe ulikuwa unavikuza. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Vidonge virudishe jikoni.

"Nawapenda wale samaki wadogo wenye mstari wa buluu unaowaka kama taa, neoni. Mfanyabiashara amesema atanipatia, lakini wananifia kila mara. Nikinunua dawa ya kushusha pH, kesho imepanda tena." (Mpenda Neoni, Mtwara Mjini)

Neoni kwao ni mito ya Amazoni ya juu, Peru na Kolombia huko, ambako maji ni laini, yamechacha kwa majani yaliyooza, na chokaa hakuna. Unamchukua huyo unamtia kwenye maji yanayoacha magamba meupe ndani ya birika. Dawa ya kushusha pH itapambana na chokaa ya kisima chako mpaka mshahara uishe, na chokaa itashinda, maana imo ardhini tangu kabla ya sisi. Pambo ulilonunua la kipande cha tumbawe linazidi kuyeyusha chokaa nyingine humohumo. Halafu pH inayopanda na kushuka kila siku humchosha samaki kuliko ile ambayo ni ya juu lakini imetulia.

Mpwa wangu, kwa nini usifuge samaki anayeyataka maji uliyonayo? Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na maji yake yana pH inayokaribia 9. Wataalamu wamehesabu humo zaidi ya aina 200 za jamaa ya perege, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alikuwa akiwasafirisha kwa ndege kutoka Bujumbura tangu miaka ya 1970, na tangu hapo watu wa Ujerumani na Japani hununua madini ya kutia kwenye maji yao laini ili yafanane na ya Kigoma. Wao wananunua chokaa. Wewe unayo bure, unanunua dawa ya kuifukuza.

Yupo mmoja mdogo hasa, Neolamprologus multifasciatus, hafiki hata sentimita 5, anaishi na ukoo mzima ndani ya makombe matupu ya konokono chini ya ziwa. Kila mmoja ana kombe lake, humlinda mtoto humo, na huchimba mchanga mpaka sebule ipendeze kwa macho yake. Tangi la lita 54 linamtosha yeye na familia. Tia mchanga laini na makombe matupu ya konokono wa shambani, yale madogo, yaliyochemshwa. Kumpata kunahitaji kujuana na watu wa Kigoma, nakubali. Ukishindwa, gapi na moli nao huyapenda maji magumu, na hawana maringo. Mbuna wa Ziwa Nyasa pia watayakubali maji yako, ila ni wagomvi na wanataka tangi refu mara mbili ya hilo; usianze nao.

"Mimi natoka Msimbati. Kaka zangu wanazamia Ruvula na wanasema wanaweza kuniletea wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, pamoja na matumbawe ya kuwapambia. Nikiwazoesha maji ya kisima polepole watakubali?" (Binti wa Pwani)

Hawatakubali. Bahari ina chumvi karibu gramu 35 kwa lita, na mwili wa samaki huyo umezoea kuyazuia maji yasimtoke. Kwenye maji baridi mambo yanageuka, maji yanamwingia kupitia mashavu bila kukoma na figo zake haziwezi kuyatoa kwa kasi hiyo. Polepole utakayotumia itarefusha tu mateso.

Na kaka zako waambie hivi. Hapo wanapozamia ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Matumbawe ya pwani yetu yamekwishapigwa baruti, na ya Mikindani yamechomwa chokaa kwa miaka mingi. Hayakubakia ya kuwekea gapi kivuli. Jiwe la mtoni linatosha.

"Nilileta perege sita wadogo kutoka Kitere, wazuri, wamekua. Jana mjomba wangu alikaa mbele ya tangi saa nzima, kisha akauliza kama kuna ndimu. Nyumba yenyewe ni yake. Nifanye nini?" (Mpwa Aliyebanwa)

Hapa nimo kwenye mgongano wa maslahi, kwa kuwa mimi pia ni mjomba wa mtu, na kwa kabila letu neno la mjomba halikatiwi rufaa. Nikiacha hilo, kwa elimu ya samaki peke yake mjomba wako ana hoja. Perege hufika sentimita 30, na tangi lenye upana wa sentimita 30 litamwezesha kugeuka kwa maombi. Atakula wenzake wadogo, atang'oa mimea yote, na atachafua maji kwa kiwango ambacho sponji yako haijaandaliwa. Perege ni wa bwawa. Kama huna bwawa, ndimu ziko sokoni.

"Tunaishi karibu kabisa na mtambo wa gesi, usiku tunauona mwanga wake. Lakini umeme wetu ukikatika, pampu inazima na samaki wanaanza kuja juu. Hili halina aibu kweli?" (Jirani wa Bomba)

Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, na tangu 2015 husafishwa hapo Madimba ikapanda bomba kwenda Dar es Salaam kuendesha mitambo ya Kinyerezi. Kuhusu aibu, safu hiyo iko ukurasa wa tatu na mwandishi wake ana wakili.

Mimi naweza kukusaidia hewa. Maji ya nyuzi 25 hubeba oksijeni miligramu 8 na kidogo kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu. Kwa hiyo sisi tunaanza na akiba ndogo, hata hita hatuhitaji, tunachohitaji ni kivuli. Umeme ukikatika usiwalishe kabisa. Samaki mzima hukaa siku kadhaa bila kula, na aliyeshiba hutumia hewa zaidi. Chota maji kwa kata uyamwage kutoka juu, mara kwa mara, yachanganyike na hewa. Ipo pia pampu inayotumia betri za tochi, nunua. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, ifikiche sponji kwanza kwenye ndoo ya maji ya tangi kabla ya kuwasha, kwa sababu vijidudu vilivyokosa hewa vimeanza kufa humo na pampu itamwaga uozo wao ndani. Ukitaka kulala usingizi punguza samaki. Lita 54 zenye gapi wanane huvumilia usiku wa giza. Zenye thelathini huwa msiba kabla ya adhana.

"Masika yaliyopita nilikuta kwenye dimbwi la kando ya njia samaki wadogo sana, madume yana rangi nyekundu na buluu, majike ya kijivu tu. Dimbwi hilo kiangazi hukauka kabisa hadi ng'ombe hupita. Niliwaweka kwenye tangi na tope lao la chini. Wamekula vizuri, wametaga nadhani, sasa wamekufa wote ndani ya mwezi mmoja, wakiwa wanene. Bibi anasema walishuka na mvua na wamerudi kwao." (Mwalimu wa Sayansi, Nanguruwe)

Kwa maelezo yako hao ni jamaa ya Nothobranchius, na katika barua zote za vifo wewe pekee hukumuua mtu. Wamekufa kwa uzee. Huzaliwa mvua zinapojaza madimbwi ya pwani yetu na kaskazini ya Msumbiji, hukua haraka, hutaga kwenye tope, na dimbwi likikauka wote hufa, mayai yakibaki ardhini yakisubiri mvua nyingine. Wa Unguja, Nothobranchius guentheri, anafahamika kwa wanasayansi tangu karne ya 19. Binamu yao wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, anafugwa kwenye maabara za Jena na Köln kule Ujerumani ili watu wachunguze uzee, kwa kuwa yeye huzeeka na kufa ndani ya miezi michache tu, na mtafiti hahitaji kuzeeka naye. Bibi yako amekosea mahali wanakotoka. Kwenye ratiba yao hajakosea.

Kwa hiyo usilioshe tangi! Toa maji taratibu, chukua lile tope, lichuje mpaka libaki na unyevu wa tumbaku ya ugoro, lifunge kwenye mfuko wa nailoni na uliweke kabatini, kwenye kiza, miezi mitatu au zaidi. Kisha limwage kwenye beseni lenye maji ya mvua yasiyozidi kina cha vidole vinne. Wakianguliwa ni wadogo mno, wape vijidudu vya maji ya dimbwi, na wakikua kidogo viluwiluwi vya mbu, ambavyo nina hakika shule yenu haina upungufu navyo. Yasipoanguliwa yote, kausha tena tope na ujaribu mvua inayofuata. Mayai yao hayaamki kwa pamoja. Andika tarehe na jina lako juu ya mfuko, maana mkaguzi akifungua kabati la maabara akakuta udongo umefungwa vizuri, hataanza kwa kuuliza habari za samaki.